Baiskeli Iliayo Chini ya Mguu

Jambo ninalotaka tulizungumze jioni hii ni ule mlio wa kukwaruza na kugota utokao katikati ya baiskeli kila mwendeshaji akanyagapo pedali, mlio tunaousikia hapa Kawe tangu alfajiri, muuza samaki atokapo Kunduchi na tenga lake nyuma, na muuza madafu apandapo taratibu kuelekea Mwenge hali shehena yake imening'inia kushoto na kulia, hata mtu aliye kitandani aweza kuhesabu mizunguko ya miguu yao kwa sikio tu. Wengi wameuzoea mlio huo wakadhani kuwa ni tabia ya chombo kilichozeeka, na wengine, ambao ndio wanaojidhulumu zaidi, huinuka wakatwaa nyundo wakapiga popote. Rai yangu mimi ni kwamba mlio wa baiskeli ni habari, tena habari ya kweli, na mwenye chombo aliye na spana mbili, nyundo moja na saa chache za utulivu uani kwake aweza kuifahamu habari hiyo na kuiondoa sababu yake, maadamu akubali kusikiliza kwanza kabla ya kupiga.

Baiskeli ninazozikusudia hasa ni zile nzito, nyeusi, zenye karia pana na stendi ya miguu miwili, zitokazo India na China, Hero na Avon na Phoenix na jamaa zao, ambazo zote zimefuata umbo la zile za Waingereza zilizokuwa zikitengenezwa Nottingham na kampuni ya Raleigh, iliyoanza kazi katika miaka ya 1880. Katika baiskeli hizo mikono miwili ya pedali, ambayo mafundi huiita krenki, haikuungwa na ekseli kwa bolti, bali kwa kipande kidogo cha chuma kiitwacho kota. Nacho ni kabari isiyofikia urefu wa kidole, iliyochongwa ubapa upande mmoja na kukatwa hesi nchani ili ipokee nati. Ulaya kota ilikwisha kuachwa, aghalabu, tangu miaka ya 1980, na wako wanaoicheka kuwa ni kitu cha zamani. Walakini mimi naitetea, kwa kuwa ni rakhisi, hupatikana katika kila duka la vipuri, na mtu aweza kuibadili kando ya njia kwa vyombo ambavyo hata nyumba ya fukara haivikosi. Lawama si ya kota. Lawama ni ya namna tunavyoitia.

Tuangalie kwanza mlio huu watoka wapi. Chuma kinapokutana na chuma, navyo vyote viwili vimebanwa sawasawa visipate nafasi ya kusogea, hakuna kinacholia. Lakini ikipatikana nafasi ndogo, hata ya unene wa karatasi, na pahali pale pakiwa pakavu au pana kutu, basi kila ujapo uzito vipande vile hushikana, vikateleza ghafula, vikashikana tena, na huko kushikana na kuteleza ndiko kunakofanya mlio. Na uzito wenyewe si haba. Mkono wa pedali una urefu wa kadiri ya sentimita 17, ilhali kutoka kati ya ekseli hadi ukingo wake hapafiki sentimita moja. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 akisimama juu ya pedali moja kupanda kilima, ile kabari ndogo hubanwa kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 1,000. Ongeza hapo madumu ya maji au viroba vya mkaa, ongeza hewa ya chumvi ivumayo kutoka baharini usiku na mchana juu ya vyuma vyetu, ongeza na mchanga wa vichochoro vya Kawe ambao wakati wa masika huwa tope na wakati wa kiangazi huwa vumbi, ndipo utakapoona kuwa ajabu si baiskeli kulia, ajabu ni zile zinazonyamaza.

Hata hivyo, na hapa ndipo penye mtego, mabomba ya fremu ni matupu ndani, na sauti ikiisha kuingia katika bomba tupu husafiri hata ikatokea pahali pasipo pake. Mlio wa kiti aweza mtu kuusikia miguuni; mlio wa usukani aweza kuapa kuwa ni wa pedali. Palikuwa na fundi mmoja karibu na viwanja vya Tanganyika Packers, pale palipokuwa kiwanda cha nyama, akifanya kazi zake chini ya mwarobaini, naye alikuwa mzee mpole asiyependa haraka; nikiwa nimeketi kwenye benchi lake akaja kijana wa madafu, baiskeli yake ikilia kama mlango mbovu, akasema:

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Imekuwaje tena?”

“Krenki, fundi. Nigongee kota nikimbie, madafu yanapigwa jua.”

Yule mzee hakuigusa nyundo. Alimwambia ashushe madafu, apande, aizunguke miti miwili iliyokuwa mbele yetu hali ameketi, nayo ikalia. Kisha akamwambia azunguke tena hali amesimama juu ya pedali asikiguse kiti, na baiskeli ikanyamaza kimya. Fundi akatwaa spana, akakaza nati mbili zilizo chini ya kiti pale springi zinaposhikana na kikamatio cha bomba, akatia tone la mafuta katika kila springi, kazi ikaisha. “Kota yako nzima,” akamwambia, “ningeipiga ningeiharibu.” Sina shaka kwamba mafundi wengine wengi wangeligonga, wakapokea ujira wao, na kijana yule angelirudi kesho yake na mlio uleule pamoja na kota iliyopinda.

Basi tuige mfano huo. Jaribio la kwanza ni hilo la kusimama, ambalo hukitoa kiti katika tuhuma. La pili ni kuacha kukanyaga baiskeli ikiwa inatelemka yenyewe: mlio ukiendelea, hauko katika pedali wala mikono yake, uko katika magurudumu au madigadi. La tatu ni kukanyaga kwa mguu mmoja peke yake, kisha wa pili, ili ujue upande. La nne ni kuhesabu. Mlio ujao mara moja katika kila mzunguko wa mguu watoka katika mkono, kota, pedali au ekseli. Bali ujao mara moja katika kila mizunguko miwili na zaidi ya mguu watoka katika mnyororo, kwa sababu mnyororo ni mrefu kuliko mzingo wa gia ya mbele, na kiungo chake kimoja kilichokauka hurudi pahali pake baada ya muda huo. Ukiona hivyo, usiifungue baiskeli. Utafute mnyororoni kile kiungo kisichokunjuka vyema, ukipinde huku na huku kwa vidole, utie mafuta.

Jaribio la tano ndilo kubwa, nami nalipenda kuliko yote kwa kuwa halidanganyi. Simamisha baiskeli kwa stendi yake, ushike mkono mmoja wa pedali kwa kila kiganja chako, mmoja ukiwa umeelekea mbele na mwingine nyuma, kisha ujaribu kuisukuma yote miwili chini kwa pamoja, kana kwamba wataka kuivunja. Ukisikia mmoja umecheza na mwenzake umetulia, kota ya huo uliocheza imelegea. Kisha ishike tena uisukume ndani na nje, kuiendea fremu na kuiacha. Ikicheza yote miwili kwa pamoja, kota ni nzima na kasoro iko ndani, kwenye gololi. Mtu akilifahamu jambo hili moja tu amekwisha kuokoa fedha nyingi, maana makosa mengi ya baiskeli za mitaani kwetu huzaliwa na kuichanganya kasoro ya kota na kasoro ya gololi.

Tuseme umeona ni kota. Hapo watu hufanya dhuluma ambayo sina budi kuisema wazi, nayo ni kuikaza nati kwa spana kwa nguvu zao zote wakitaraji kwamba nati itaivuta kabari ndani. Nati ya kota haikuwekwa kwa kazi hiyo. Hesi zake ni ndogo na chuma chake, hasa katika kota za bei ya chini zinazojaa madukani siku hizi, ni laini. Ukivuta sana hesi hukatika, na ukishazikata huna tena nati wala kota. Kinachoiingiza kabari ni nyundo. Nati huja baadaye kuizuia isirudi. Kadhalika wako wanaopiga nyundo bila kuutegemeza mkono kwa chini, nao wanadhani wanaipiga kota, kumbe kila pigo linapita katika ekseli na kuzikandamiza gololi juu ya vikombe vyake, vikapata vishimo, na baada ya miezi michache wana maradhi mawili mahali palipokuwa na moja.

Namna iliyo sawa ni hii. Usiku wa kuamkia siku ya kazi, nyunyiza mafuta ya taa juu na chini ya kota, uyaache yapenye kutu. Asubuhi legeza nati hata uso wake ulingane na ncha ya kota, usiitoe yote, ili ikingie hesi zisipondeke. Tafuta kipande cha bomba la chuma kilichokatwa kwa kimo cha kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa pedali, ukisimamishe pale hata kichwa kinene cha kota kiwe kimeingia katika tundu la bomba. Hapo uzito wa pigo utashukia sakafuni badala ya kushukia gololi. Kisha piga pigo moja zito, lililonyooka. Mapigo kumi ya woga huipinda kota na kuikwamisha humo, bali pigo moja la yakini huitoa. Ikikataa kabisa ikapinda, usishindane nayo. Mwite mwenye keekee aitoboe.

Ikiisha kutoka, itazame vizuri mwangani. Ule ubapa wake utakusimulia mambo yote: kota iliyokaa sawa ina mng'ao ulioenea ubapa mzima, na iliyokaa vibaya ina mng'ao kwenye pembe moja tu, na pengine ngazi ndogo iliyokatwa na ukingo wa ekseli. Yenye ngazi itupe. Nunua mpya mbili, maana ya pili nayo haiko mbali, uende na ile ya zamani mkononi uilinganishe unene, kwa sababu nyingi zina milimita 9.5 lakini si zote, na nusu ya milimita hapo ni tofauti ya kuingia na kutoingia. Rudi nyumbani uifute ekseli kwa kitambaa mpaka ule ubapa wake uonekane mweupe. Kisha, na kazi hii wachache huifanya, paka ubapa wa kota mpya masizi kidogo ya chini ya sufuria, uitie kwa mkono, uibane, uitoe tena. Penye masizi yaliyofutika ndipo inapogusa. Ikigusa pembeni tu, twaa tupa, uipunguze pale polepole, urudie mpaka alama ienee. Hiyo ndiyo kazi ya mikono yenye kuhitaji saburi, na ndiyo inayoitenganisha baiskeli itakayonyamaza mwaka mzima na ile itakayolia wiki ijayo.

Katika kuzirudisha, angalia mwelekeo wake. Uelekeze mkono wa kulia mbele na uitazame nati yake, kama iko juu au chini. Kisha uuzungushe wa kushoto nao uelekee mbele, na nati yake lazima iwe upande uleule. Ukizigeuza, mikono haitakuwa katika mstari mmoja, na mwendeshaji atahisi mguu mmoja unachelewa. Tia mafuta membamba, usimamishe bomba lako chini ya mkono, safari hii ncha yenye hesi ndiyo iingie tunduni, upige hata sauti ya nyundo ibadilike ikawa kavu na nzito, halafu ndipo utie washa na kukaza nati kwa wastani. Baada ya safari ya kwanza fupi, mathalani kwenda Mlalakuwa na kurudi, ipige tena na ukaze nati tena, kwa kuwa kota mpya hukaa vizuri baada ya kubebeshwa uzito, na asiyeirudia huona imelegea akailaumu kota.

Gololi nazo zina habari yake, nami nitazieleza kwa ufupi zaidi, kwa kuwa kazi yake ni ya usafi kuliko ya ufundi. Ukiisha kuondoa mkono wa kushoto utaona pete ya kufungia na kikombe nyuma yake. Ilegeze pete, utoe kikombe, utoe ekseli juu ya kitambaa cheupe ili gololi zisipotee uani. Kikombe cha upande wa mnyororo kiache pahali pake kama ni kizima, nacho ukilazimika kukitoa jua kwamba katika baiskeli za umbo hili hesi zake ni za kinyume. Osha vyote kwa mafuta ya taa. Gololi zenye madoa na vikombe vyenye vishimo havitengenezeki, hubadilishwa. Ukitia gololi moja moja bila kile kishikizo cha bati, ziwe 11 kila upande, za robo inchi, zimelala katika grisi nyingi. Kishikizo hupunguza idadi yake, na mimi kwa baiskeli ya mizigo sikipendi. Kaza kikombe mpaka ekseli iache kucheza lakini ingali yazunguka laini, uzuie kikombe kisisogee huku ukikaza pete. Mnyororo ukiwa umeondolewa, mkono wa pedali ulioachwa huru yapasa uanguke kwa uzito wake wenyewe. Usipoanguka, umekaza kupita kiasi.

Wako wasikilizaji wenye baiskeli za kisasa, zile za gia nyingi ziingiazo nchini aghalabu zikiwa zimekwisha kutumika, ambazo hazina kota. Ekseli yake ina ncha ya pembe nne na mkono wake ni wa aluminiamu, umefungwa kwa bolti katikati. Hao nawapa onyo moja. Aluminiamu ni laini kuliko chuma cha ekseli, na mkono uliolegea ukaendeshwa hivyo hivyo hata siku chache, lile tundu la pembe nne hupanuka na halirudi tena. Hapo hakuna bati la kubandika wala gundi ya kuuponya, ni kununua mkono mwingine. Kwa hiyo baiskeli ya namna hiyo ikilia, kaza bolti siku hiyohiyo, kwa spana ndefu na kwa nguvu ya mkono mzima, na uzikaze na zile bolti ndogo zinazoshika gia ya mbele, ambazo nazo hulia sana zikikauka.

Zimebaki pedali zenyewe. Pedali iliyotiwa kavu hulia kama kota, na dawa yake ni kuifungua, kusafisha hesi, kupaka grisi na kuirudisha. Lakini ya kushoto ina hesi za kinyume, na watu wengi wamevunja spana wakiikaza hali wanadhani wanaifungua. Kinyume hicho hakikuwekwa bure. Mzunguko wa mguu huelekea kuifungua pedali ya kushoto kama hesi zake zingekuwa za kawaida. Ndugu wawili wa Dayton huko Marekani, Wilbur na Orville Wright, ambao kabla ya kurusha eropleni mwaka 1903 riziki yao ilikuwa kutengeneza na kuuza baiskeli, mwaka 1900 waliitangaza kwa wateja wao pedali isiyoweza kujifungua, yenye hesi hizo za kinyume. Njia ya kukumbuka ni kwamba, spana ikiwa imesimama juu ya pedali, ukiivuta kuelekea gurudumu la mbele unakaza, na ukiivuta kuelekea la nyuma unafungua, kwa pande zote mbili.

Kuhusu mafuta, msitie mafuta ya kupikia, kwa maana huganda yakawa gundi inayokusanya mchanga. Wala msiimwagie baiskeli oili chafu ya magari mwili mzima, kama nionavyo vijana wakifanya. Tone moja pahali panapostahiki latosha, na panapofaa grisi pasitiwe oili. Wenye kupita ufukweni, mchanga wenye maji ya chumvi ukiruka katikati ya baiskeli, uosheni jioni ileile kwa maji baridi, mkaushe, ndipo mpake.

Na ikiwa umefanya haya yote, kota zimekaa, gololi ni safi, pedali na kiti vimenyamaza, lakini mlio ungalipo kila ukanyagapo kwa nguvu, basi ilaze baiskeli ubavu, uisafishe kwa mafuta ya taa pale mabomba yanapokutana chini, karibu na ekseli, uipanguse ikauke, uangalie kwa makini kama pana mstari mwembamba wa kutu uliozunguka bomba au rangi iliyopasuka kama uzi. Huo ni ufa. Fremu yenye ufa pahali hapo yaweza kuachana ghafula chini ya mtu na shehena yake katikati ya Barabara ya Bagamoyo, daladala zikiwa nyuma yake, na hilo si la nyundo wala la spana za nyumbani. Iondoeni njiani, ipelekeni kwa mchomeleaji anayejua mabomba membamba, na mpaka aione, asiipande mtu.